Kesi ya Lirindi Katika Nchi ya Nasabani

Iko nchi inaitwa Nasabani. Njia ya kuifikia tuiache, maana aliyekwenda alikwenda kwa miguu, na habari za miguu ni vumbi tupu. Tuanzie langoni, alipofika Siwema, binti wa miaka ishirini na miwili aliyemaliza darasa la saba akaingia moja kwa moja kwenye kazi ya kusuka mikeka. Kwao ukindu ulikuwa umekwisha. Akaambiwa Nasabani ukindu umejaa mpaka unalala chini, hakuna anayeukata. Hakuambiwa kwa nini hakuna anayeukata.

Langoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza afisa mwenye kofia safi.

"Jina?"

"Siwema."

"Asili?"

"Asili ya nani?"

"Ya jina, bibie. Limetoka wapi, lina maana gani, nani alilitamka kwanza, na mashahidi ni kina nani."

Siwema akafikiri. "Bibi yangu ndiye aliyenipa. Alilipenda tu."

Afisa akaweka kalamu chini, akamtazama kama anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. Kisha akaandika polepole: *Asili: kupendwa. Haijathibitishwa.* Akampa karatasi ya kijani aibandike kifuani kwa pini, ili watu wajue kwamba huyu jina lake bado linachunguzwa, wasije wakamwita kwa sauti kubwa.

Sheria ya kwanza ya Nasabani ilikuwa imechongwa juu ya lango, na Siwema aliisoma mara mbili kwa sababu alidhani amesoma vibaya. Ilisema: *Kitu kisiguswe mpaka asili ya jina lake ijulikane.* Basi vitu vyote vya nchi ile vilikuwa mafungu mawili. Kulikuwa na vitu Vilivyothibitishwa, kama kiti, chumvi na mbuzi. Hivyo watu walivitumia watakavyo. Na kulikuwa na vitu Vilivyo Mezani, ambavyo wataalamu wa Baraza la Majina walikuwa bado wanajadili majina yake yametoka wapi. Hivyo havikuguswa. Mwavuli ulikuwa mezani. Siku ile mvua ilinyesha, na Siwema aliwaona watu wazima na heshima zao wakitembea wamelowa chapachapa, miavuli yao imening'inia milangoni, imefungwa.

Ukindu nao ulikuwa mezani.

"Itachukua muda gani?" Siwema aliuliza.

"Si muda," akajibiwa. "Miaka kama minane hivi."

Angerudi kwao siku ileile, lakini mvua ilizidi, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani akamwambia, "Wewe mtoto, utasimama hapo mpaka uote mizizi? Njoo." Huyo ndiye Mashavu. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, anayecheka kwa pua, na mikono yake kuanzia viganja mpaka viwiko ilikuwa na makovu ya kujikuna, mengine mapya, mengine yamekwisha kuwa meusi.

Njiani walimpita mtu ameketi juu ya jiwe. Siwema akamwamkia, "Shikamoo," kama alivyofunzwa kwao. Yule mtu akamtazama, machozi yakamtoka. Mashavu akamvuta Siwema mkono.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ila yule amefutwa jina. Aling'oa kitu kilicho mezani, wakamfuta. Sasa hakuna anayemwita. Kisimani foleni inaitwa kwa majina, basi yeye haitwi, mpaka ajipenyeze watu wakishaondoka. Watoto wake wakitaka kumwambia kitu huuambia ukuta, yeye asikie."

"Na mkewe?"

"Mkewe naye huuambia ukuta. Mwanzo alikuwa akilia. Siku hizi amezoea, na hilo ndilo baya zaidi."

Nyumbani kwa Mashavu alikuwepo mama yake mzazi, bibi kizee mwepesi kama unyoya, mwenye maneno mengi. Walimpa Siwema chai na mkeka wa kulalia, mkeka wa kale uliosukwa kabla ukindu haujapelekwa mezani. Akalala.

Asubuhi walikwenda kisimani. Kisima cha Nasabani ni kimoja, kiko chini ya mteremko, na mteremko mzima kuanzia juu mpaka chini umefunikwa na mmea utambaao. Umepanda juu ya mawe, umepanda juu ya vichaka, umevuka njia na kurudi tena. Ulikuwa na maganda mafupi yaliyopinda, yana manyoya ya rangi ya dhahabu kama mahameli. Upepo ulipopita, manyoya yalipeperuka kidogo tu, hata hayaonekani. Siwema aliyaona kwa kuwa alijua pa kutazama. Hazikupita hatua kumi, mikono ikaanza kuwaka, shingo ikafuata.

"Kumbe hapa mna..." akasema.

Mashavu alimziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza! Usinitajie. Ukilisema jina la kwenu hapa, mtu atasikia, litaandikwa. Likiandikwa litakwenda mezani, na huko halitoki. Hapa sisi tunauita lirindi. Na hilo moja linatutosha kwa taabu."

Siwema akameza jina. Wakateka maji, wakapanda huku wakijikuna kwa mkono mmoja na kushika ndoo kwa mkono wa pili. Juu, Mashavu akampaka jivu mikononi na kumweleza habari yenyewe.

Wataalamu wa Baraza, kwa habari ya lirindi, walikuwa wamegawanyika pande mbili kwa muda wa miaka kumi na tisa. Watu wa Kilio walisema kwamba mtu wa kwanza kuguswa na mmea ule alipiga kelele "Lirindi!", na hiyo ndiyo asili. Watu wa Bibi walisema la, Lirindi alikuwa bibi mtukufu wa zamani aliyeupanda kwa mkono wake kukilinda kisima na maadui. Kama ni kilio, basi mmea ni adui, ukatwe. Kama ni bibi, mmea ni urithi, upaliliwe na kutiliwa maji. Mpaka ijulikane, usikatwe wala usipaliliwe.

"Na wao hao wataalamu," Siwema akauliza, "wanaposhuka kisimani wanasemaje?"

Mashavu akacheka kwa pua mpaka akakohoa. "Washuke wapi! Wanapelekewa."

Siku ya tatu bibi kizee aliamka mapema akasema yeye si kiwete, atateka maji yake mwenyewe. Hakuna aliyemwona akitoka. Walimkuta katikati ya mteremko, ameteleza, ameanguka kifudifudi ndani ya lirindi na ndoo imemwangukia. Walipomgeuza, uso wake haukuwa uso tena. Macho yalivimba yakafumba, midomo ikajaa, na alikuwa akijikuna mashavu kwa kucha mpaka damu.

Wakambeba hadi zahanati. Muuguzi alikuwa mtu mpole, na aliuliza kwa upole.

"Amewashwa na nini?"

"Na lirindi," akasema Mashavu.

"Ah." Muuguzi akafunga kabati alilokuwa amekwisha kulifungua. "Hilo bado liko mezani. Dawa ya kitu kilicho mezani siruhusiwi kutoa, kwa sababu hatujui tunatibu nini. Ningekuwa na asili yake, hata nusu tu..."

"Huoni uso wake?"

"Ninauona, dada yangu. Ninauona sana." Akachukua fomu akaandika: *Mgonjwa anasema anawashwa.* Akawapa nakala.

Mashavu alimbeba mama yake mgongoni mpaka nyumbani, akampaka tope na jivu, akakaa naye. Bibi hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, sikuoni," kila baada ya muda kidogo, kama anayekumbusha jambo.

Alfajiri, umande ungali mzito, Mashavu alijifunga gunia mwilini, akachukua panga. Siwema alimfuata bila kuitwa. Mashavu alikata upana wa hatua tatu, kuanzia juu mpaka karibu na kisima, akafukia alichokata, na jua lilipotoka njia ilikuwa wazi. Wanawake wa kwanza waliokuja na ndoo walisimama. Wakatazamana. Halafu wakapita katikati, polepole, wakiwa wameinua nguo, kama watu wanaovuka maji ambayo hawaamini kwamba yamekauka.

Saa tatu Mashavu akakamatwa.

Kesi ilisikilizwa siku ya pili yake katika ukumbi wa Baraza. Mkuu wa Baraza alikuwa Mheshimiwa Vuai, mzee mwenye sauti ya chini, asiyependa kumkata mtu maneno; ndiyo maana mambo hayakuisha. Kulia alikaa Bwana Pandu wa Watu wa Bibi, kushoto Bwana Mcha wa Watu wa Kilio, kila mmoja kwenye kiti cha mto. Katikati palikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake kielelezo cha lirindi: kipande cha mmea uliokauka, na maganda yake matatu. Mtunza Vielelezo, Mzee Shaame, alisimama pembeni na kitambaa cha kufutia kioo.

Mashavu alikiri. "Nimekata. Nilitaka watu wapite."

"Hilo linatosha," akasema Mheshimiwa Vuai kwa huzuni. "Kugusa kitu kilicho mezani adhabu yake ni kufutwa jina. Lakini kama Baraza hili leo litaona kwamba asili ya lirindi ni kilio, basi alichokata kilikuwa adui, na atakwenda zake. Ikionekana ni bibi, au ikiwa bado hatujui, jina lake litafutwa jua likizama. Waheshimiwa, anzeni."

Bibi kizee alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, macho yamefumba. Alikuwa ameshika kona ya kanga ya Siwema.

Bwana Pandu akasimama. Alifungua sanduku la kioo, akachukua ganda moja kwa vidole viwili, akalipitisha shavuni taratibu. "Angalieni ulaini huu! Nawauliza, hiki ni kilio? Kilio kina ulaini? Hii ni ngozi ya bibi aliyelelewa ndani, jamani."

Watu wa Bibi wakapiga makofi.

Bwana Mcha akampokonya ganda, akalitikisa juu. Mbegu zikalia ndani. "Sikieni! Mnasikia sauti hiyo? Lii-rindi, lii-rindi. Huyu analia mpaka leo, amekauka na bado analia!"

Watu wa Kilio wakapiga makofi zaidi. Bwana Pandu akasema hiyo ni sauti ya bangili za bibi. Bwana Mcha akauliza bibi gani anavaa bangili bustanini. Wakaendelea hivyo.

Siwema hakusikiliza sana. Alikuwa akitazama mikono. Kazi yake ya kusuka ilikuwa imemfundisha kukaa muda mrefu na kutazama kitu kimoja tu. Alitazama shavu la Bwana Pandu mahali ganda lilipopita. Alitazama vidole vya Bwana Mcha. Alijiambia labda itachukua muda, maana wengine huanza kuwashwa baadaye. Akangoja. Mikono yake mwenyewe, iliyowashwa kisimani siku tatu nyuma, ilikuwa bado inamsumbua chini ya kanga. Jua likapanda. Wataalamu wakafuta jasho nyusoni kwa vidole vilevile, na hakuna aliyejikuna.

Adhuhuri mjadala ulisimamishwa. Ilikuwa desturi kwamba mgeni huulizwa mwisho, kwa kuwa hana upande, na neno lake likaongezwa kwenye mizani. Kwa hiyo Bwana Pandu na Bwana Mcha wote wawili walimfuata Siwema barazani, nao walikuja pamoja, wamebeba sinia moja, maana nje ya ukumbi walikuwa marafiki wa miaka mingi.

"Kula, mwanangu," akasema Bwana Pandu. "Kula, halafu ufikiri. Huko kwenu hakukuwa na bibi yeyote, mtukufu kidogo, aliyependa bustani?"

"Usimlishe mtoto maneno," akasema Bwana Mcha. "Binti, kwenu mtu akiumia hupiga kelele gani? Sema tu, kwa sauti ya kawaida."

"Husema mama yangu we."

"Hm," akasema Bwana Mcha. "Ikikatwa mwisho..."

"Ikikatwa mwisho itakuwa mama, na mama ni bibi," akasema Bwana Pandu, akacheka akimega tonge.

Siwema akatazama sinia. Wali, na juu yake mboga ya nazi, nzito, punje nyeupe pana kama za maharage zimelowa. Pembeni ya baraza, mpishi alikuwa ameketi na ungo, anamenya za jioni. Maganda aliyokuwa akiyatupa yalikuwa mapana, laini, yamejikunja kidogo nchani.

"Wazee wangu," akasema, "haya mnayokula yanaitwaje?"

"Fiwi," akasema Bwana Pandu mdomo umejaa. "Usiogope. Fiwi zilithibitishwa zamani, enzi za babu zetu. Kula kwa amani."

"Na zinaota wapi hapa?"

"Mimi nitajuaje? Zinaletwa."

Siwema akanyanyuka, akaomba kwa mpishi ganda moja, akalifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akarudi kukaa na bibi kizee. "Kunakuwaje?" bibi akanong'ona. "Bado kidogo, bibi," akasema.

Alipoitwa mbele ya Baraza, Siwema alisimama na karatasi yake ya kijani kifuani. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu zaidi ya darasa.

"Mgeni," akasema Mheshimiwa Vuai, "wewe huna upande. Kile kilicho ndani ya kioo, kwenu jina lake limetoka wapi?"

"Kilicho ndani ya kioo ni fiwi," akasema Siwema.

Mheshimiwa Vuai akasogeza sikio.

"Umesema?"

"Ni fiwi, mheshimiwa. Zilezile zilizokuwa kwenye sinia. Hili hapa ganda lake, nimepewa na mpishi. Liwekeni karibu na lile. Mmea wa kisimani ganda lake lina manyoya, na ukiligusa huwezi kukaa kitako. Hawa wazee wamelishika tangu asubuhi, mmoja amelipitisha shavuni. Waulizeni kama wanawashwa."

Mheshimiwa Vuai akawageukia. Bwana Pandu akajipapasa shavu. Bwana Mcha akatazama vidole vyake kimoja kimoja, kama aliyeviazima.

"Mimi siwashwi," akakiri Bwana Pandu.

"Mimi nilidhani ni kwa sababu ya hoja zangu," akasema Bwana Mcha.

Mlangoni mtu akaangua kicheko, mwingine akadakia, "Miaka kumi na tisa wanajadili mboga!" na ukumbi ukawa kama soko. Mheshimiwa Vuai akangoja mpaka wachoke. Kisha akamwita Mzee Shaame, kwa sababu ndiye aliyetumwa kuleta kielelezo wakati ule mjadala ulipoanza.

Mzee Shaame alikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Nilishuka, mheshimiwa. Wallahi nilishuka. Nikafika nusu ya njia. Kule kunawasha."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi. Nikaona kwenye ua wa jirani kuna mmea unatambaa, una majani matatumatatu vilevile. Nikasema moyoni, watu wanaotafuta asili hawatatafuta manyoya. Na hawakuyatafuta."

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza, mheshimiwa? Mliniambia nifute kioo, nikafuta."

Mheshimiwa Vuai alipekua kitabu cha sheria kwa muda mrefu. Kila ukurasa uligeuka kwa sauti. Bibi kizee mlangoni alikuwa amekaza shingo, anasikiliza zile kurasa.

"Sheria iko wazi," akasema hatimaye. "Kilichokuwa mezani ni kilichomo kwenye kioo. Kilichomo kwenye kioo ni fiwi. Fiwi zilithibitishwa zamani, na kitu kimoja hakiwezi kuwa na majina mawili, kwa hiyo jina lirindi linafutwa leo katika daftari. Mashavu hakugusa kitu kilicho mezani. Jina lake libaki lake."

Mashavu hakupiga kigelegele wala hakulia. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kama aliyetuliwa mzigo ghafla.

Lakini Mheshimiwa Vuai alikuwa bado ameinua kidole. "Sasa. Kule kisimani kuna mmea, na mmea huo hauna jina. Kisicho na jina hakimo hata mezani. Jambo hili haliwezi kuachwa hivi." Akamgeukia Siwema kwa upole. "Binti, wewe unaujua. Kwenu unaitwaje? Sema tuandike, ili majadiliano yaanze."

Bwana Pandu na Bwana Mcha walikuwa wameshika kalamu.

Jina lilikuwa ulimini mwa Siwema, limefika mpaka kwenye meno. Akamtazama Mashavu. Mashavu hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alimtazama tu, na mikono yake yenye makovu ilikuwa mapajani, viganja juu. Siwema akaelewa kwamba akilisema sasa, mteremko wote utakuwa mezani kabla ya jua kuzama, pamoja na zile hatua tatu zilizokatwa, na safari hii kielelezo kitakuwa cha kweli.

"Mheshimiwa," akasema, "limenitoka. Nipeni nafasi nikumbuke."

Hapakuwa na jambo lililoheshimiwa Nasabani kama mtu anayekumbuka. Walimletea kiti chenye mto, wakakiweka dirishani penye hewa. Sheria ilikataza kumharakisha, kumsemesha kwa ukali au kumtoa kitini isipokuwa kwa haja. Mheshimiwa Vuai mwenyewe alimwekea mtungi wa maji.

"Kumbuka kwa utulivu," akamwambia.

Siwema akakumbuka kwa siku tatu.

Siku ya kwanza, kabla hajanywa chai, alisikia panga moja. Baadaye mbili. Adhuhuri hakuweza kuzihesabu. Kutoka dirishani aliona wanawake wa Nasabani wakishuka mteremko wamejifunga magunia yaliyolowa, nyuso wamezipaka tope, hata huwezi kumjua nani ni nani. Walikata alfajiri, umande ukiwa bado umelaza yale manyoya. Jua likikaza walichimba mashimo na kufukia. Waume wao walisimama juu ya mteremko mikono nyuma, wakiuliza kama jambo hili linaruhusiwa. Wanawake wakawajibu kwamba hakuna jambo lolote linalofanyika, kwani hakuna kitu pale. Kingekuwepo kingekuwa na jina. Siku ya pili na waume wakashuka, na yule mtu wa kwenye jiwe akashuka nao. Mtu mmoja akampa jembe. Hakumwita, lakini alimpa.

Ukumbini, Bwana Mcha alikuwa akija kila saa, anasimama kwa adabu mbali kidogo. "Hata herufi ya kwanza, binti?"

"Naona kama inakuja, mzee wangu. Halafu inarudi."

"Usiilazimishe. Ndivyo zilivyo."

Jioni ya siku ya pili, mwanamke aliyemletea chakula alisema huku akipanga sahani, bila kumtazama, "Kimebaki kipande cha chini, karibu na mawe. Mizizi yake imeingia ndani." Siwema akala taratibu, akaomba aongezewe.

Siku ya tatu, jua likiwa linaelekea alasiri, Mashavu aliingia ukumbini. Alikuwa ameoga, amejipaka jivu mikono yote miwili mpaka mabegani, na amebeba ndoo ya maji. Akaitua mbele ya meza ya Mheshimiwa Vuai.

"Nimewaletea maji ya kunywa, waheshimiwa," akasema. "Mgeni wetu asikae sana. Mama yangu anauliza habari zake, ameanza kuona kwa jicho moja."

Siwema akanyanyuka kitini. "Nimekumbuka."

Kalamu zote zikainuka.

"Unaitwa upupu."

Wakaandika. Bwana Pandu alilirudia jina mara tatu, kila mara kwa sauti tofauti, uso umemng'aa. "Lina heshima ndani yake," akasema. "Lina maumivu ndani yake," akasema Bwana Mcha. Mheshimiwa Vuai akawatuliza.

"Na asili yake, binti? Huko kwenu wanasema jina limetoka wapi?"

"Kwetu sijamsikia anayeuliza, mheshimiwa. Watu wakiuona karibu na njia huuondoa, halafu wakaenda kuoga."

"Bila kujua?"

"Bila kujua."

Mheshimiwa Vuai akatikisa kichwa kwa kuwahurumia watu wa kwao Siwema. Kisha akasema kwamba kwa mujibu wa sheria kuanzia sasa upupu uko mezani, usiguswe na mtu, na Mzee Shaame ashuke mara moja alete kielelezo, safari hii cha kweli, na afuatane na mashahidi wawili.

Mzee Shaame alilia kidogo, akavaa viatu, akabeba sanduku la kioo, akashuka. Watu wakangoja. Baraza zima likanywa maji ya Mashavu, na watu wakasema ni matamu. Jua likaanza kuwa jekundu ndipo Mzee Shaame akarudi. Alikuwa ametembea mpaka kisimani na kurudi, na hakuwa akijikuna popote. Akaweka sanduku mezani. Lilikuwa tupu.

"Kielelezo kiko wapi?"

"Hakuna, mheshimiwa. Tumetafuta mpaka chini ya mawe, mashahidi hawa hapa."

"Hakuna upupu?"

"Hakuna kitu. Kuna njia tu."

Bwana Mcha alifunika kalamu yake, akaifunua tena. Bwana Pandu alikuwa amekodoa macho dirishani, na taratibu uso wake ukaanza kuchangamka.

"Njia," akasema. "Mheshimiwa, hiyo njia nayo, inaitwaje?"

Mheshimiwa Vuai akavuta daftari, akachovya kalamu. Mashavu hakungoja. Alichukua ndoo yake, akamshika Siwema mkono, wakatoka. Nje, wanawake walikuwa tayari wanateremka na ndoo vichwani, wanakimbilia maji kabla ya giza, na yule aliyekuwa mbele aligeuka akaweka kiganja mdomoni akaita kwa sauti ya kufika ng'ambo:

"Mashavu! We Mashavu! Unatungojesha nini, mama? Njoo!"